Ratili 55 si farasi 55: gharama ya neno moja

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa miaka mingi nimewatolea wanafunzi wangu wa isimu methali hii, kuwaonyesha jinsi neno moja linavyoweza kubeba maana mbili au tatu bila ya msemaji kujitambua. Sikudhania hata kidogo kwamba ingekuja kunigeukia mimi mwenyewe, tena si darasani bali pwani ya Junda, mbele ya mzee mvuvi ambaye nimemwita ami tangu utotoni. Yaliyompata mzee huyu yalitokana na neno nililomtafsiria vibaya. Nayaeleza leo kwa sababu naamini kwamba wako wengi watakaopatwa na yayo hayo.

Msomaji asiyeijua Junda na afahamu kwamba ni wadi ya Kisauni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, inayopakana na mkono wa bahari wa Tudor. Maji ya bahari huingia kwa upande wa Bandari ya Kale, yakapita chini ya daraja la Nyali, kisha yakapanda hadi kwenye mikoko, ambako hukutana na maji ya mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu. Mara mbili kwa siku maji hujaa na mara mbili hupwa, na wakati wa bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Sehemu kubwa ya maji hayo huingia na kutoka kwa njia ile ile. Kwa hiyo mvuvi wa Junda hahitaji kusoma kitabu chochote ili ajue mkondo ni kitu gani. Amekua nao, na wazazi wake walikua nao.

Ami yangu alikuwa na mashua yenye mashine ya petroli ya nguvu za farasi 15, au kama wavuvi wasemavyo kwa mkato, "mashine ya kumi na tano". Ilikuwa kuukuu, yenye kunywa mafuta kama mlevi, na kila bei ya petroli ilipopanda faida yake ya kaa na kamba ilizidi kupungua. Basi alipoona katika duka moja mjini mashine ndogo ya umeme inayotumia betri, isiyo na moshi wala kelele, moyo wake ulivutika. Alinipigia simu niende nikamsomee maandishi ya sandukuni, kwa maana hayakuwa na hata neno moja la Kiswahili.

Nilisoma. Palikuwa na tarakimu 55, na mbele yake neno la Kiingereza lenye maana ya msukumo, pamoja na kipimo cha ratili. Ami akaniuliza, "Mwalimu, nguvu yake ni ngapi?" Nami, kwa haraka ya mtu anayedhani kwamba anajua lugha mbili, nikamjibu: "Nguvu yake ni hamsini na tano, ami." Ratili sikuzitaja. Nilidhani ni jambo dogo la kiufundi lisilomhusu mzee.

Hamsini na tano! Ya zamani ilikuwa kumi na tano tu. Muuzaji alisimama kando na wala hakusema neno la kutusahihisha. Mzee aliiuza mashine yake ya petroli, akaongeza akiba yake kidogo, akainunua ile ya umeme na betri yake.

Siku za kwanza zilikuwa za maji mafu, na mambo yalikwenda vyema. Mashua ilisogea taratibu, kimya, wala samaki hawakushtuka. Kisha ikaja bamvua. Usiku mmoja ami na mwenzake walikuwa wakirudi Junda, maji yakiwa yameanza kupwa kwa kishindo. Walifungua mashine hadi mwisho. Mzee alinieleza kwamba walipomulika kurunzi ukingoni waliuona mkoko mmoja ulioinama. Baada ya robo saa walimulika tena, wakauona mkoko ule ule. Mashine ilikuwa ikizunguka, maji yalikuwa yakitoka povu, na mashua ilikuwa imesimama pale pale. Halafu betri ikaisha. Mkondo ukawachukua kurudi walikotoka, na lau nanga yao isingeshika, wangetolewa hadi bahari kuu. Walikaa gizani juu ya nanga mpaka maji yalipogeuka.

Alfajiri ami alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile nguvu uliyonisomea, ni nguvu ya nini?"

Swali hilo sikuwa na jawabu lake. Ilinibidi nitafute vitabu, niwaendee wenzangu wa fizikia, niketi nao kama mwanafunzi. Waliyonifunza si magumu, na naona ni haki kila mvuvi, na kila mwenye kumnunulia mvuvi mashine, ayapate katika lugha yake.

Kwanza tuanze na farasi. Pwani yetu ni ya punda, na wengi wetu tumewaona farasi wachache sana. Kipimo hiki kilitufikia kikiwa ndani ya sanduku la mashine. Kiliwekwa na James Watt, fundi wa Uskochi aliyeishi kati ya mwaka 1736 na 1819. Watt aliboresha mashine za mvuke, na wateja wake walikuwa watu waliozoea kutumia farasi kuzungusha vinu na pampu. Mteja wa namna hiyo hakutaka kujua habari za mvuke. Alitaka kujua mashine moja itamwondolea farasi wangapi. Watt akakadiria kwamba farasi mmoja anaweza kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa vipimo vya leo ni karibu wati 746, na wati yenyewe imepewa jina lake. Atakaye kuliona jambo hili kwa macho na afikirie gunia la kilo 75 linaloinuliwa mita moja juu kwa kila sekunde moja, bila ya kupumzika. Huyo ndiye farasi mmoja.

Tazama, basi, yaliyomo ndani ya kipimo hicho. Mna uzito, yaani kiasi cha mvuto au msukumo; mna umbali; na mna muda. Kikiondolewa kimoja kati ya hivyo vitatu, farasi hayupo tena. Hamali wa Bandari ya Kale aliyesimama na gunia begani anatoka jasho, lakini kwa hesabu ya Watt nguvu anayoitoa kwa gunia ni sufuri, kwa kuwa gunia halipandi. Anapoanza kupanda nalo ngazi ndipo hesabu huanza.

Sasa tuzitazame ratili. Neno hili ni la zamani katika masoko yetu. Babu zetu walipima samli na karafuu kwa ratili na frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35 au 36. Ratili 55 ni kama frasila moja na nusu, au kilo 25. Basi maandishi yale ya sandukuni yalikuwa yakisema hivi: ukiifunga mashua kwa kamba kwenye nguzo, ukaiwasha mashine hii mpaka mwisho, kamba itavutwa kwa kiasi kile kile ambacho ingevutwa na mzigo wa kilo 25 ulioning'inizwa. Hayo tu. Hayasemi habari ya mwendo wala ya muda. Tena kipimo chenyewe huchukuliwa chombo kikiwa kimesimama, na mwendo unapozidi, msukumo hupungua.

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Mashua iliyofungwa kwenye nguzo haiendi popote; kwa hesabu ya Watt nguvu inayopokewa na mashua ni sufuri, ijapokuwa kamba imekazika na betri inakwisha. Msukumo ni kitu kimoja, na nguvu ni msukumo ukizidishwa kwa mwendo. Kumwuliza mtu ratili 55 ni farasi wangapi, bila ya kumwambia chombo kinakwenda kwa mwendo gani, ni sawa na kumwuliza kilo ngapi hufanya saa moja. Swali halina jawabu kwa sababu halijakamilika.

Mwenzangu mmoja wa fizikia alinionyesha upuuzi wa tafsiri yangu kwa hesabu fupi. Ikiwa msukumo ni kilo 25, alisema, na wewe unataka upate farasi 55, basi mashua ya ami yako ingepaswa kwenda mita 165 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 600 kwa saa. Nilicheka, kisha nikaukumbuka ule mkoko ulioinama, nikanyamaza.

Ukweli wa mashine ile ni huu. Ilitumia umeme wa volti 12 na, ilipofunguliwa mwisho, ampea 50. Volti ukizidisha kwa ampea unapata wati, kwa hiyo iliyokuwa ikitoka kwenye betri ni wati 600, yaani karibu sehemu nane katika kumi za farasi mmoja. Katika hizo, nyingine hupotea kwa joto ndani ya mashine, na nyingi zaidi hupotelea katika maji yanayochafuliwa na rafadha, ile ambayo wengine huiita pangaboi. Tuseme mashua inakwenda kilomita 5 kwa saa, na kwa mwendo huo msukumo umeshuka hadi kilo 15. Kilo 15 ukizidisha kwa mita 1.4 kwa sekunde, ukagawa kwa 75, unapata kama robo ya farasi na ushei kidogo. Mzee aliuza farasi 15 akanunua chini ya mmoja, naye alikuwa na yakini kwamba amenunua 55.

Ni wajibu wangu kuongeza hapa kwamba mashine yenyewe haikuwa na ubaya, wala kipimo cha ratili hakikuwa cha uongo. Mashine za namna hii zilibuniwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1934 huko Marekani, katika majimbo yenye maziwa mengi, mtu aitwaye O.G. Schmidt alichukua mota ya kuwashia gari la Ford, akaitia rafadha, akapata mashine ya umeme ya kusogeza mashua polepole. Kampuni iliyotokana na kazi yake, Minn Kota, ilipata jina kutokana na majimbo ya Minnesota na Dakota. Wateja walikuwa wavuvi wa ndoana waliotaka mashua isogee taratibu huku mshipi ukikokotwa nyuma, kazi ambayo Kiswahili kina neno lake zuri la zamani, kurambaza. Walitaka pia mashua isimame mahali pamoja bila ya kupeperushwa na upepo. Kwa kazi ya kusimama na kusogea, msukumo wa chombo kilichosimama ndicho kipimo hasa kinachotakiwa. Makosa huanza pale kipimo cha ziwa lililotulia kinapohamishwa hadi kwenye mkondo wa bamvua bila ya maelezo.

Tena iko haki nyingine ambayo sharti mashine ya umeme ipewe. Farasi wa petroli kwa desturi hupimwa kwenye mhimili unaozungusha rafadha, si majini. Na katika mashine ndogo, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea kabla ya kuwa mwendo. Mashine ya umeme mara nyingi huzungusha rafadha pana kwa taratibu, na kwa mwendo mdogo hupoteza kidogo zaidi. Kampuni ya Torqeedo ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2005, iliiandika mashine yake moja ndogo kwa namna hii: wati 1,000 zinazoingia, wati 480 zinazofika majini, msukumo wa ratili 68, na ulinganisho na mashine ya petroli ya farasi 3. Mnunuzi anaweza kubishana na ulinganisho huo wa mwisho, lakini tarakimu zote zimewekwa mezani, naye anaweza kuzipima moja dhidi ya nyingine. Yeye hakuachiwa tarakimu moja aifasiri apendavyo.

Kuna jambo la tatu, mbali na msukumo na nguvu, nalo ni muda. Betri ya ami ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 100. Hizo ni wati-saa 1,200, ambazo kwa wati 600 zingetosha saa mbili kwa hesabu ya karatasi. Lakini betri ya risasi iliyo ya kawaida haifai kutumiwa kupita nusu yake, la sivyo huharibika upesi. Basi imebaki saa moja. Maji ya kupwa hupwa kwa muda wa saa sita. Mvuvi anayeshindana na kupwa kwa betri ya saa moja amekwisha kushindwa kabla ya kung'oa nanga. Kwa upande mwingine, lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia wati-saa 9,000. Hata mashine mbovu ikipoteza sehemu nne kati ya tano, zinabaki 1,800, na hizo bado ni nyingi kuliko betri nzima ya mzee.

Na maji yenyewe yana hesabu yake isiyo na huruma. Ukitaka chombo kile kile kiende mara mbili ya mwendo wake, msukumo unaohitajika huwa kama mara nne, na nguvu kama mara nane. Ndiyo maana mashine ndogo huonekana hodari katika maji mafu, kisha mkondo ukizidi kidogo inaonekana kana kwamba imelogwa. Mkondo wa kilomita 3 kwa saa huichukulia mashua ya kilomita 5 zaidi ya nusu ya mwendo wake. Mkondo wa kilomita 5 huiacha mbele ya mkoko ule ule.

Baada ya kuyapata hayo nilirudi Junda. Nilimkuta ami akishona jarife chini ya mti, nikamwamkia, nikaketi. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu yenye mfano wa farasi na gunia. Sikuyamaliza. Mzee alinikata katikati akasema: "Kumbe ni kama kuvuta jarife lililonasa mwambani. Jasho lakutoka, mikono yachubuka, na jarife haliji." Kisha akaongeza: "Kuvuta ni kitu kimoja. Kuvuta na kitu kikaja ni kitu kingine."

Nikaona haya. Mzee ambaye hakukanyaga darasa la fizikia alizijua maana zote mbili, alizijua kwa mikono na mgongo wake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia ni ipi kati ya hizo iliyoandikwa sandukuni. Na huyo mtu nilikuwa mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha.

Hapa ndipo somo langu la isimu linapoingia. Katika Kiswahili cha kila siku neno "nguvu" lina kazi nyingi mno. Mtu ana nguvu, chai ina nguvu, sheria ina nguvu, dawa ina nguvu, mkondo una nguvu, mashine ina nguvu. Hiyo si kasoro. Lugha zote duniani huyaachia maneno yao ya kawaida uwanja mpana, na Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo mtaani. Tofauti ni kwamba Kiingereza kimejengewa, juu ya lugha ya mtaani, lugha ya pili ya kiwanda na maabara ambamo kila neno lina mpaka wake. Kiswahili nacho kimekwisha kujengewa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na katika mafunzo ya fizikia ya Kiswahili neno "kani" limetumiwa kwa maana ya kile kinachosukuma au kuvuta, "kazi" kwa kani iliyosogeza kitu, na "nishati" kwa ile akiba inayowezesha kazi kufanyika. Neno kani halikutoka hewani. Ni neno letu la asili, lenye maana ya zamani ya nguvu na ya ukaidi. Mtu mwenye kani ni mtu asiyesalimu amri. Mashine ya ami ilikuwa na kani ya ratili 55. Laiti ningalilitumia neno hilo siku ile dukani, angalau mzee angaliniuliza kani ni nini, nami ningalilazimika kufikiri.

Istilahi, basi, tunazo, lakini zimefungiwa kabatini. Hapa Kenya mtoto hufundishwa sayansi kwa Kiingereza na Kiswahili kwa fasihi, hata anapomaliza shule huwa na lugha moja ya kupimia na nyingine ya kuhadithia. Anayekwenda kuvua samaki huachwa na ile ya kuhadithia peke yake. Nasi tulio vyuoni tumeridhika kuandika makala kuhusu istilahi, katika majarida yanayosomwa na sisi wenyewe, ilhali sanduku la mashine linafika Junda bila ya neno moja la Kiswahili ubavuni.

Yuko atakayeniambia kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba mashine za umeme bado ni chache baharini. Namwomba aangalie upepo unakoelekea. Katika Ziwa Victoria wavuvi wameanza kukodishiwa mashine za umeme. Tangu kongamano la uchumi wa majini lililofanyika Nairobi Novemba 2018, wakubwa wetu hawajaacha kuzungumzia uchumi wa buluu. Petroli haitarajiwi kuwa rahisi. Mashine hizi zitakuja kwa wingi, nami naziombea zije, kwa kuwa mikoko ya Tudor imekwisha kulishwa mafuta na taka kiasi cha kutosha. Lakini zikija na tarakimu zisizoeleweka, mvuvi wa kwanza atapoteza akiba yake, wa pili atapoteza imani, na wa tatu huenda akapoteza maisha.

Wala si jambo la kuomba hisani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Mwaka 2012 ilifuata Sheria ya Kuwalinda Watumiaji. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, ni vigumu kuona jinsi habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi inavyoweza kuhesabiwa kuwa amepewa. Habari ambayo haikueleweka haikutolewa.

Napendekeza, basi, kwamba wenye mamlaka ya viwango na wale wa usalama wa vyombo vya majini wakae pamoja na watu wa lugha, waamuru kila mashine ya boti inayouzwa nchini iwe na karatasi moja ya Kiswahili yenye mambo manne. La kwanza, kani yake chombo kikiwa kimesimama, kwa kilo au ratili. La pili, nguvu yake kwa wati, na ielezwe kama ni ile inayoingia kutoka kwenye betri au ile inayofika majini. La tatu, muda ambao betri itadumu mashine ikifunguliwa mwisho. La nne, mwendo wa chombo cha ukubwa uliotajwa katika maji yaliyotulia. Karatasi hiyo haitazidi kiganja cha mkono.

Kabla karatasi hiyo haijapatikana, mvuvi na ajilinde kwa maswali. Kuuliza si ujinga. Muuzaji akikwambia tarakimu, mwulize: ni ya nini, ratili, wati au farasi? Akikwambia ni ratili, usikubali kuzilinganisha na farasi wa mashine yako ya zamani. Uliza volti ngapi na ampea ngapi, uzidishe mwenyewe, kisha ugawe kwa 746. Utapata farasi wa umeme, nao jua kwamba nusu yao au zaidi hawafiki majini. Uliza betri itadumu saa ngapi, uzilinganishe na saa sita za kupwa. Na ukishakuyajua hayo yote, chukua kasia.

Ami hakuirudisha mashine ile dukani, wala hakuitupa. Anaitumia siku za maji mafu, ndani ya mikoko, kwa kaa na kamba, na anasema kwa kazi hiyo hajaona mfano wake. Siku za bamvua hungoja maji yajae ndipo arudi, kama walivyofanya wazee wake walipokuwa na tanga na pondo. Mashine ya kumi na tano hajaweza kuinunua tena, na safari za nje ya mlango wa bandari, ambako samaki wakubwa wako, amezikatiza. Hiyo ndiyo gharama ya neno moja nililolitafsiri kwa haraka, na mwenye kuilipa si mimi.

Juzi aliniletea sanduku jingine, la kifaa cha kuchajia betri kwa jua. Nilitoa miwani, nikaomba kalamu na karatasi, nikamwambia, "Ami, leo tutakwenda neno kwa neno."